Sarafu Iliyosuguliwa kwa Majivu

Mwezi uliopita nilialikwa harusini pale Sumbawanga mjini, nikakalishwa meza moja na Kizito, ambaye sikuwa nimemwona tangu nywele zetu zilipokuwa nyeusi. Tulikuwa bado tunapimana vitambi kwa macho, kila mmoja akimhakikishia mwenzake kwamba hajabadilika hata kidogo, uongo ambao hata mhudumu wa soda aliusikia akaangalia pembeni, ndipo kijana mmoja wa upande wa bwana harusi akatuinamia na simu yake mkononi. "Shikamooni wazee wangu. Ninyi mmekaa sana huku. Hamna rupia ya Mjerumani nyumbani? Kuna mshikaji anatafuta, anatoa mamilioni. Ila iwe ile inayovuta mchele." Akatuonyesha picha: sarafu imelazwa kwenye sahani, punje za mchele zimeiganda kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Nilimtazama Kizito. Kizito akanitazama. Kisha tukacheka, na sisemi tulicheka kidogo. Tulicheka mpaka soda ikanitoka puani, mpaka kwaya ikapoteza sauti ya pili, mpaka mama wa bibi harusi akatuma mtu aje aulize kama meza yetu ina mgonjwa. Kijana wa watu akanuna. "Kwani nimesema nini?" Kizito akajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. "Hujasema kitu, mwanangu. Ila mama yangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuiosha moja."

Kijana hakuelewa, akaenda zake kutafuta wazee wenye akili, wala simlaumu. Ili uelewe ingebidi uwe umeishi mwaka ule mmoja, mwaka nilioutumia mchana nikibeba magunia kwenye mashine ya kusaga na jioni nikiwa mwanafunzi. Shule yetu ya jioni ilikuwa kwenye darasa la watoto wa shule ya msingi. Madawati yalikuwa yao, si yetu. Ukikaa, magoti yanakufika masikioni, na mwenzetu mmoja mrefu alilazimika kuandika akiwa amejikunja kama jongoo aliyeguswa. Kizito ndiye aliyekuwa mwenzangu wa dawati, na mwenzangu wa magunia pia. Alitoka Msanzi, kwa wazazi wakulima, na alikuwa na kipaji cha kusinzia huku macho yakiwa wazi. Baridi ya mwezi wa saba ya Sumbawanga wote mnaijua, lakini ile ya mwaka ule ilikuwa ya namna yake: ukimwamkia mtu shikamoo, inaganda njiani, marahaba anaitikia kesho yake saa nne, jua likishatoka. Tulisoma hesabu tumevaa mablanketi. Na bado mtu akiniuliza leo nilisoma wapi, namjibu bila kusita kwamba nilisoma shule mbili mwaka ule, na ile ya pili ilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao.

Ukuta huo ulitenganisha chumba changu cha kupanga na duka la Bi Ruqaya. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda, jiko la mkaa, na misumari niliyotundikia mali zangu zote, ikabaki misumari mitupu. Kilinuka vitu viwili kwa zamu: asubuhi wanga wa kanga mpya, na jioni, upepo ukigeuka, magunia ya dagaa wa Kabwe waliokuwa wakisubiri lori uani. Bi Ruqaya alikuwa mjane wa mwenye malori, mama mnene, mwenye sauti ya kuita mtu aliye Mpanda bila simu. Aliuza kanga, vitenge na masufuria, na kwenye kabati la kioo nyuma ya kaunta aliweka sarafu za zamani. Marehemu mumewe ndiye aliyeanza kuzinunua moja moja kwa wavuvi wa Kipili, kwa kupenda tu, na alipofariki mkewe akaendelea kwa kupenda zaidi. Wakusanyaji walimfuata kutoka mbali. Mimi nilikuwa nakula ugali wangu wa ulezi upande huu wa mbao, na upande ule wa mbao maneno yalikuwa yanatiririka. Mboga yangu kubwa mwaka ule, nikikosa samaki wa mgebuka, ilikuwa ni hayo mazungumzo ya watu.

"Nimekuletea kitu, Bi Ruqaya," nilimsikia bwana mmoja jioni moja. "Hebu ona kinavyong'aa."

Nikasikia droo ikifunguliwa. Nilijua kioo chake cha kukuzia kimekwenda jichoni.

"Umeisugua na nini?"

"Ndimu tu. Na mchanga kidogo."

"Na mchanga kidogo! Mbona hukumalizia na msasa? Baba, hii ilikuwa sarafu. Sasa ni kifungo cha koti."

"Lakini si ni ile ile? Mwaka wake unasomeka."

"Mwaka unasomeka, ngozi haipo. Hiyo rangi ya weusi uliyoiondoa ndiyo ngozi yake, imeota yenyewe miaka yote hiyo ambayo wewe na mimi hatujazaliwa. Kanga ikishafuliwa hairudi dukani, baba."

Nilicheka, ugali ukanipalia, nikakohoa. Upande wa pili sauti ikapanda. "Na wewe wa ukutani! Kila nikisema neno tamu unakohoa. Maliza kula, nawa mikono, uje utazame kwa macho kama binadamu."

Hivyo ndivyo nilivyoandikishwa shule ya pili. Alikunja kanga mara kadhaa juu ya kaunta, iwe kama mto, kwa sababu sarafu kwake haikuruhusiwa kugusa mbao tupu, seuze kudondoshwa ili usikike mlio. Akanifundisha kushika ukingo kwa vidole viwili, kamwe si uso, maana jasho la kidole huacha alama yake. Kisha akanipangia sarafu za Mjerumani, akaniambia nichague ya kwanza kwa ubora. Nikachagua inayong'aa. Alinitazama kama mtu aliyeletewa pilau isiyo na chumvi. "Profesa wa giza," akasema, na jina hilo lilinikaa mwaka mzima, "umechagua maiti iliyopakwa poda."

Watu wa mjini wana majina yao ya kitaalamu ya ubora wa sarafu. Bi Ruqaya alikuwa na yake, na mpaka leo sijaona bora kuliko hayo. Sarafu ambayo haikupita mikononi aliiita ya sanduku, kama kanga ambayo haijafunuliwa. Iliyotumika kidogo, yenye kulika juu juu tu kwenye ncha za taji, ilikuwa ya Ijumaa, kwa sababu imevaliwa siku maalumu. Iliyozunguka sokoni mpaka michoro yake midogo ikapotea ilikuwa ya jikoni. Na ile ambayo unahitaji imani ya dini ili uone kwamba ina maandishi, hiyo ilikuwa dekio. "Anza kutazama palipoinuka," alinifundisha. "Goti la suruali ndilo linalochanika kwanza. Na sarafu ni hivyo hivyo: mabega ya taji, manyoya ya simba. Hapo pakiwa pazima, huko kwingine uko salama."

Somo lililonishinda zaidi lilikuwa la uchache. Mimi kama kila mtu niliamini kwamba kitu cha zamani ni kitu adimu. Nilimwonyesha rupia moja ya fedha, nzito, ya zamani kuliko babu yangu, nikamwuliza kama hiyo haiwezi kununua nyumba. "Uzee si uchache," akanijibu. "Mimi ni mzee, na wazee kama mimi wamejaa kutoka hapa mpaka Kasanga, mbona hakuna anayetulilia? Uliza zilitengenezwa ngapi, uliza zilibaki ngapi, uliza nani anazitaka." Akanipeleka kwenye zile alizozipenda kuliko zote, sarafu za shaba ya manjano zilizopigwa Tabora wakati wa vita, Mjerumani alipoishiwa hela akaamua kujitengenezea kwa vyuma chakavu. Zilikuwa mbaya kwa sura. Nyingine taji limekaa upande, nyingine nusu ya maandishi imefifia. Nilisema hizo zote ni za jikoni. Akanipa kioo. "Tazama vizuri. Penye kuchakaa ni laini kama kipande cha sabuni. Hapa je?" Palikuwa na chembechembe, ukali wa chuma kipya. "Hii haikuchakaa. Ilizaliwa hivyo, ilipigwa na nyundo iliyochoka. Usimhukumu mtu kwa alivyozaliwa." Kisha akanionyesha kwamba taji lilikuwa la aina mbili, kubwa na dogo, na mikia ya zile herufi mbili za L katika neno la Kijerumani lililo upande wa nyuma ilikuwa na namna zake, mingine imenyooka, mingine imejikunja. Kuna jozi za taji na mkia zilizojaa kila kijiji, na kuna jozi ambayo mnunuzi anaweza kuisubiri mpaka ndevu zimwote, hata akiwa mwanamke.

Huwa najiuliza kwa nini somo hili lilinikaa kuliko hesabu zote za blanketini. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa na umri wa kutaka kila kitu king'ae. Nilikuwa na viatu ninavyovipaka rangi mpaka mashavuni, na shati nililolipiga pasi mpaka likawa na mwanga wake. Na sisi Wafipa nyumbani tuna ugonjwa wa usafi, msikatae. Mgeni akitangazwa, mama zetu hawalali: uwanja unafagiwa mpaka udongo unaanza kulalamika, masufuria yanasuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake, na kuku anayesubiri kuchinjwa anatazamwa kwa jicho la kumuuliza kama ameoga. Chuma cheusi mbele ya mgeni ni aibu ya ukoo. Bi Ruqaya alilijua hilo, na ndilo lililokuwa likimtia huzuni: katika kila sarafu kumi zilizoletwa, nane ziliuawa kwa heshima.

Mwishoni mwa kiangazi, mawingu yalipoanza kujikusanya juu ya milima ya Mbizi na watu kutazama majembe yao, Kizito aliacha kusinzia darasani. Hapo nikajua kuna msiba. Nilimbana wakati wa mapumziko, akanieleza. Baba yake, Mzee Sikstus, alikuwa akichimba udongo wa tofali karibu na tanuri la zamani la wahunzi, akaibua sarafu. Habari zikatembea. Wakaja mabwana wawili wenye miwani ya jua, mmoja anaitwa Injinia, mwingine hana jina ila ana mkoba. Wakamwaga mchele kwenye sahani, wakaweka ile sarafu, na punje zikajisogeza. Injinia akasema hiyo ni rupia yenye nguvu, bei yake ni lori jipya na nyumba ya bati, lakini lazima ipimwe kwa mtambo, na mtambo unalipiwa. Mzee hana fedha. Ila ana Waziri na Katibu.

Waziri na Katibu walikuwa maksai wake. Kwa mtu wa Ufipa sihitaji kueleza. Kwa wengine niseme tu kwamba jozi ya maksai ndiyo trekta, ndiyo benki, ndiyo heshima yako mbele ya majirani. "Wanakuja Jumamosi kuwachukua," Kizito akasema. "Mvua iko mlangoni. Wakiwachukua, shamba lote tutalilima kwa jembe la mkono, mimi na mzee. Hii shule basi."

"Umemwambia ni matapeli?"

"Nimemwambia. Ananiuliza, mchele je, nao ni tapeli?"

Tulikwenda kwa Bi Ruqaya jioni ile ile. Alisikiliza huku akikunja vitenge, akaguna Kizito alipofika kwenye mchele, kisha akauliza sarafu ina sura gani. Ya manjano, Kizito akasema, nyeusi nyeusi juu, taji kubwa, nyuma kuna namba. "Na L?" Kizito, ambaye hakuwahi kuona tofauti ya L na L, alichukua chaki akachora juu ya mbao za kaunta alivyokumbuka. Bi Ruqaya aliukazia macho ule mchoro, akaacha kukunja vitenge kabisa. "Nitakwenda mwenyewe," akasema. Ijumaa akamwita dereva wa lori lililokuwa likitangulia kwenda huko, akampa maagizo: waambie nyumbani kwa Mzee Sikstus kwamba kesho tunakuja wageni kutoka mjini kuitazama ile sarafu, na mtu yeyote asiiguse mpaka tufike. Lakini salamu za mdomo zikipanda lori hufika zimekonda. Dereva alifikisha nusu ya kwanza. Akasema: kesho wageni kutoka mjini wanakuja kuitazama sarafu. Akala mua, akaondoka.

Tulifika Msanzi Jumamosi jua likiwa limeanza kupanda, Bi Ruqaya mbele na dereva, mimi na Kizito juu ya magunia ya chumvi. Kitu cha kwanza alichokiona Bi Ruqaya aliposhuka ni chanja la vyombo. Masufuria yalikuwa yamepangwa juu yake yanawaka kama madhabahu ya Pasaka. Alisimama, akashika ubavu. "Ya Rabi," akasema polepole. Mimi pia nikaelewa.

Ndani, Injinia na mwenzake wa mkoba walikuwa wameshatangulia, tena walikuwa wameshafika kwenye kidari cha kuku. Mzee Sikstus, mtu mwembamba, mwenye upara na maneno machache, alitukaribisha. Kwenye mti wa uani, kupitia mlango, niliwaona Waziri na Katibu wamefungwa kamba mpya, tayari kwa safari. Bi Ruqaya alitambulishwa kama mwenye duka anayeijua sarafu. Injinia akamtazama kama mtu anavyomtazama nzi aliyetua kwenye mchuzi. Kisha Mama Leokadia, mama yake Kizito, akaingia amekunja magoti kidogo, amebeba bakuli la bati lililofunikwa kitambaa cheupe. Akafunua. Katikati ya bakuli, sarafu ilikuwa inang'aa kama jino la dhahabu.

Injinia aliruka. "Nani ameiosha?"

"Mimi," Mama Leokadia akasema, bado akitabasamu. "Wageni wanakuja kuitazama, ningewaletea kitu kichafu? Nimeisugua na majivu na mchanga wa mtoni tangu alfajiri. Ilikuwa ngumu hiyo!"

"Mama, umeiua! Umeondoa nguvu yote! Mchele hautakuja tena!" Akamgeukia Mzee. "Sasa kazi imekuwa mara mbili. Kwanza irudishiwe nguvu, ndipo ipimwe. Dawa ya kurudishia tunayo, lakini mzee wangu, maksai hawa peke yao hawatoshi tena. Itabidi na yule ndama."

Tabasamu la Mama Leokadia likaanguka. Alimtazama Bi Ruqaya, mwanamke mwenzake, kwa jicho la kuomba msaada. Bi Ruqaya alikuwa ameshatoa kioo chake. Aliishika sarafu kwa ukingo, akaigeuza uso, akaigeuza mgongo, akakaa nayo mpaka kuku akapoa kwenye sahani. Kisha akanipa mimi. Niliona taji kubwa. Niliona mikia ya L. Ilikuwa ile jozi ya kusubiriwa mpaka ndevu zikuote. Niliona kwamba haikuwa imezunguka sana sokoni. Ilikuwa ya Ijumaa, pengine ya sanduku. Na juu ya vyote hivyo, kutoka upande mpaka upande, mikwaruzo ya mchanga, mipya, imelala sambamba kama shamba lililolimwa jana. Ngozi yote imekwenda. Nikamrudishia.

Mwaka mzima nilikuwa nimemsikia akiwasema watu wa sarafu zilizooshwa, akiwaita maneno ya kuchekesha mpaka wanatoka dukani wanajikwaa. Nilisubiri. Akaiweka sarafu juu ya kitambaa, polepole, akamwambia Mzee, "Kaka, huyu bwana amesema kweli moja. Imeuawa."

Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu kuona tapeli na Bi Ruqaya wakikubaliana jambo. Mama Leokadia alishika kizingiti. Mzee Sikstus hakumtazama mkewe, akamtazama Bi Ruqaya. "Isingeoshwa?"

"Isingeoshwa ningekununulia plau mpya na mnyororo wake, na chenji ungebaki nayo. Ni adimu hii. Sijawahi kuishika nyingine."

"Na sasa?"

"Sasa nitakupa bei ya chumvi na kiberiti, tena kwa kukuonea haya."

"Na dawa ya kuirudisha?"

"Haipo. Si kwangu, si kwa mtu yeyote. Ningekuwa nayo ningekuwa tajiri, ningekuwa nimekaa kwenye kochi namtuma mtu."

"Sisi tunayo," Injinia akadakia. "Mzee, huyu mama ni mfanyabiashara, anataka kuinunua kwa bei ya kutupa. Usidanganyike."

 Nilimtazama Kizito, alikuwa anatazama nje, kwenye ule mti. Mzee alikuwa anasugua upara wake, jambo ambalo Kizito aliniambia baadaye hulifanya akikaribia kukubali. Na hapo Mama Leokadia, ambaye pande zote mbili zilikuwa zimemhukumu, akafungua kinywa. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeuliza njia.

"Mwanangu Injinia, hiyo nguvu ya kununua lori na nyumba ya bati, imekufa kwa majivu ya maharage?"

"Ndiyo mama. Majivu ni sumu yake."

"Sufuria yangu ile ya nje naisugua kwa majivu tangu nilipoolewa. Mpaka leo inapika." Akafikiri kidogo. "Basi sufuria yangu ina nguvu kuliko rupia yenu. Mbona hamjaja kuinunua?"

Aliyecheka kwanza alikuwa yule wa mkoba. Haikuwa makusudi, ilimponyoka, akajifanya anakohoa mfupa wa kuku. Lakini kicheko kikishatoka hakirudi. Bi Ruqaya akapokea, na kicheko chake ni kama lori linaposhuka mlima bila breki, Kizito akafuata, na mwisho nikaona mabega ya Mzee Sikstus yakitikisika. Alipomaliza akasimama, akajikung'uta suruali. "Mmoja ananiambia hakuna dawa, na hataki kitu changu," akasema. "Mwingine ana dawa, na anataka mpaka ndama. Ng'ombe wangu hawajanywa maji." Akatoka nje akaanza kufungua ile kamba mpya. Injinia akamfuata mlangoni akisema mtakuja kutulilia, mtatukumbuka. Mzee, bila kugeuka, akamuaga: "Tumsifu Yesu Kristo." Na yule wa mkoba, kwa mazoea ya utoto wake, akaitikia, "Milele amina," akachukua mkoba akaenda.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo kwa ngoma na pombe. Lakini kwenye lori la kurudi, nikiwa nimebanwa mbele naye, Bi Ruqaya hakusema neno mpaka tulipoziona taa za mjini, na yeye kunyamaza ilikuwa kama mashine ya kusaga kunyamaza, unaogopa imeharibika. Mwishowe akasema, "Nilitaka nimwambie yule dada kwamba ameiosha vizuri. Ningeweza. Lakini ningesema uongo juu ya sarafu mbele ya yule Injinia, tungekuwa matapeli wawili." Nilikuwa sijafikiria kwamba ukweli nao unaweza kumchosha anayeusema. Wiki zilizofuata Kizito alileta habari za nyumbani dawatini. Waziri na Katibu wazima. Mzee hajataja sarafu tena. Ila mama ameacha kuimba. Wageni walifika kutoka Matai, akawapakulia kwenye sufuria nyeusi. Majirani waliona chanja limefunikwa masizi, wakauliza kama kuna mgonjwa ndani. Alikuwa anaogopa kugusa kitu, Kizito alisema, asije akakiua.

Mvua ya kwanza ilipokuja ilikuja yote. Nilikwenda na Kizito Msanzi kusaidia kulima, na Mzee akanipa mikono ya plau kwa heshima ya ugeni. Nililima mfuo uliokwenda kwanza Zambia, ukabadili mawazo, ukarudi Matai. Waziri na Katibu walitapakaa matope mpaka kwenye pembe. Karibu na saa sita Mama Leokadia akaja na kibuyu cha togwa, akatembea pembezoni mwa shamba. Akasimama karibu na Waziri, akautazama ule uchafu, na mkono wake, kwa mazoea ya maisha yote, ukanyooka kutaka kumpangusa. Ukaishia njiani. Akaurudisha chini ya kanga.

Mzee Sikstus alikuwa anamwona. Akaegemea nira, akajisugua upara, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma ibada, "Leokadia mke wangu, nakuomba sana. Hawa usiwaoshe. Nguvu itaisha."

Nilishika pumzi. Kizito alishika pumzi. Nadhani hata Katibu alishika. Mama Leokadia alikiweka kibuyu chini polepole. Akainama, akachota tope zito kwa kiganja, akamwendea mumewe, akampaka upara wote, kutoka paji la uso mpaka kisogoni, kwa umakini ule ule wa alfajiri ya sarafu. "Na wewe," akasema, "nisikuoshe?" Kisha akacheka. Alicheka akakaa chini kwenye mfuo, Mzee akakaa naye, tope likimtiririkia puani, Kizito akajibwaga, mimi nikaachia plau. Maksai, kwa kusikia kelele zile, wakaamua kuondoka. Walikwenda wenyewe, plau ikiwafuata bila mtu, ikichora mstari uliopinda kama mlevi wa sikukuu mpaka mwisho wa shamba, na hakuna kati yetu aliyekuwa na nguvu ya kusimama awakimbilie. Mahindi ya mwaka ule yaliota yakiufuata mstari huo huo. Kila aliyepita njiani akauliza nani amelima vile, Mzee Sikstus alijibu kwa fahari kwamba pale alilima Waziri mwenyewe.